Mashine ya Kusikia ya Mfupa: Moja Yatosha au Ziwe Mbili?

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi jinsi mashine ya kusikia inayoshikizwa kwenye mfupa inavyofanya kazi. Skrubu ndogo ya titani, yenye urefu wa milimita tatu au nne tu, hupachikwa katika mfupa ulio nyuma ya sikio, na mfupa hukua ukaishika. Juu yake hukaa kishikizo kinachojitokeza nje ya ngozi, na mashine yenye maikrofoni hubanwa hapo ili ilitetemeshe fuvu, mtetemo ufike kwenye koklea, kile kiungo cha ndani kilichojiviringa kama gamba la konokono, bila kupitia tundu la sikio wala ngoma yake. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na karibu zote zilizunguka jambo ambalo sikuligusa: je, mtu avae mashine moja au mbili? Nimechagua barua tano. Majina ya walioandika nimeyaacha kwa sababu habari za afya ya mtu ni zake mwenyewe.

Shikamoo mtaalamu. Binti yangu ana miaka minne na nusu. Alizaliwa bila matundu ya masikio pande zote mbili, na masikio yenyewe ni vijinyama vidogo tu. Tangu akiwa na miezi kumi amekuwa akivaa mashine ya mfupa kwenye mkanda laini wa kichwani, upande wa kulia, na ameanza kusema vizuri. Daktari wake anataka aongezewe ya pili upande wa kushoto. Shemeji yangu, ambaye ni fundi wa redio na ndiye aliyetusaidia kununua ile ya kwanza, anasema huko ni kutupa pesa kwa sababu fuvu ni moja na mtetemo unazifikia koklea zote mbili. Nimsikilize nani? — Mama wa mtoto, Tanga

Marahaba, mama, na hongera kwa kumwahi mtoto akiwa na miezi kumi, kwa maana huo ni umri ambao ubongo unazishika sauti za lugha kwa kasi kubwa.

Hoja ya shemeji yako si ya kupuuzwa, kwani wataalamu wenyewe waliishikilia kwa zaidi ya miaka ishirini. Wagonjwa wa kwanza waliwekewa skrubu hizi mwaka 1977 mjini Gothenburg, Sweden, na daktari Anders Tjellström, baada ya mtafiti Per-Ingvar Brånemark kugundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa hai huishika titani kana kwamba ni sehemu yake. Wengi waliofuata waliwekewa upande mmoja tu, na sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo ya shemeji: mtetemo ukivuka kutoka upande mmoja wa fuvu kwenda wa pili hupungua kidogo, mara nyingi chini ya desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na ule wa sauti nzito karibu haupungui kabisa. Nchini Marekani idhini ya kuvaa mashine mbili ilitoka mwaka 2001, miaka 24 baada ya upasuaji wa kwanza. Kwa hiyo usimlaumu shemeji, wala usishangae ukikutana na daktari wa siku nyingi anayesema kama yeye.

Kinachosahaulika katika hoja hiyo ni kwamba mfupa hupeleka kile tu ambacho maikrofoni imekwisha kukidaka, na maikrofoni ya binti yako iko upande wa kulia. Mtu akimsemesha kutoka kushoto, sauti inalazimika kwanza kukizunguka kichwa hewani ndipo ifike kwenye maikrofoni, na kichwa ni kizuizi. Sauti nzito, kama zile za irabu o na u, hukizunguka bila taabu. Sauti nyembamba, kama s, sh, f na th, huzibwa na kichwa na kufika upande wa pili zimefifia. Zikishapotea hewani, hakuna mfupa utakaozirudisha. Mtoto atajua kwamba mama amesema, na atazisikia irabu, lakini hatajua kama ameambiwa *shuka*, *suka* au *fuka*, kwa kuwa tofauti yote ya maneno hayo iko katika sauti yake ya kwanza. Mtu mzima anayeijua lugha atakisia kutokana na mazungumzo yalivyo. Mtoto anayejifunza lugha hana bado cha kukisia nacho.

Jambo hili mnaweza kulijaribu nyumbani, na ningependa shemeji awepo. Zimeni redio, mkalisheni mtoto mkekani akiwa na mashine yake ya kulia, kisha simama hatua tatu kushoto kwake, mdomo umeuficha kwa karatasi, useme kwa sauti ya kawaida maneno kumi yanayofanana kwa namna hiyo, moja moja, naye ayarudie. Andika alivyoyasema. Halafu hamia kulia kwake, umbali ule ule, useme maneno mengine kumi ya namna hiyo hiyo. Mlinganishe karatasi mbili hizo.

Faida ya pili ni kujua sauti inatoka wapi, na kwangu mimi hii ndiyo kubwa kuliko zote, ijapokuwa ndiyo inayotajwa mwishoni. Sauti ya pembeni hulifikia sikio la mbali ikiwa imechelewa kwa muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ikiwa imepungua nguvu. Ubongo huzipima tofauti hizo mbili, ya muda na ya nguvu, na papo hapo ukajua pa kugeukia. Mwenye mashine moja, koklea zake zote mbili hupokea habari kutoka katika maikrofoni ile ile moja, kwa hiyo ubongo hauna cha kulinganisha. Ndiyo maana mtoto wa namna hii akiitwa uwanjani huzunguka na kuangalia kila uso hadi auone mdomo unaocheza.

Nilimpima mvulana wa miaka saba aliyekuwa na mkanda wenye mashine moja, upande wa kulia kama binti yako. Mama yake alisimama nyuma yake akiwa na shada la funguo za nyumba. Alizitikisa upande wa kushoto, mtoto akageukia kulia. Alizitikisa juu ya kichwa, akageukia kulia. Tukapachika mashine ya pili kwenye mkanda ule ule, tukampa muda wa kuzoea akichezea matofali yake ya mbao, kisha mama akatikisa tena upande wa kushoto. Mtoto alisita, tofali likabaki hewani mkononi, akageuka polepole kushoto na kuzikuta funguo ziko pale pale alipozitafuta. Alimwomba mama azitikise tena, kisha tena, na kila mara alikuwa akizinyooshea kidole.

Lazima niseme pia kwamba mashine mbili hazimpi mtu uwezo sawa na wa masikio mawili yaliyozaliwa mazima. Kwa kuwa mtetemo wa kila upande huvuka na kuchanganyika na wa upande wa pili, zile tofauti ambazo ubongo unazitafuta hufika zikiwa na ukungu. Swali lililowasumbua watafiti lilikuwa kama ukungu huo unafuta kila kitu. Jibu zuri lilitoka Nijmegen, Uholanzi, ambako mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya kuwapima watu 25 waliovaa mashine mbili: kwa mashine moja, majibu yao kuhusu mahali sauti ilipotoka yalikaribia ya mtu anayebahatisha, kwa mashine mbili, uwezo wao wa kutambua upande uliongezeka sana, na maneno waliyasikia hata yakisemwa kwa sauti ndogo zaidi kuliko walipovaa moja. Watafiti wa Sweden nao walipima na kuona faida ya namna hiyo. Kumbe ubongo huridhika na tofauti zilizofifia, mradi ziwepo.

Kwa mtoto wa umri wa binti yako kuna jambo jingine ambalo vipimo vya hospitali havilionyeshi vizuri. Sehemu kubwa ya lugha mtoto haifundishwi. Huiokota katika maneno ambayo hakuambiwa yeye. Bibi anapozungumza na jirani mlangoni, wewe unapobishana bei na muuza samaki, kaka anapoulizwa kwa nini amechelewa, mtoto yuko pale anacheza na huku anaokota. Mwenye maikrofoni moja huokota kutoka upande mmoja wa nyumba.

Sasa upande wa tahadhari. Penye kelele nyingi, maikrofoni ya pili hudaka kelele kama inavyodaka maneno, na ikitokea kwamba jenereta linanguruma kushoto na mzungumzaji yuko mbele au kulia, mashine ya kushoto inaweza isimsaidie kitu kwa wakati huo. Dawa yake ni kuipunguza sauti au kuizima kwa muda, jambo ambalo mwenye mashine moja iliyo upande wa kelele hana nafasi ya kulifanya. Pia kabla ya kununua hakikisha koklea zote mbili zimepimwa kila moja peke yake, kwa sababu kuzaliwa bila tundu la sikio hakumaanishi kwamba koklea ni nzima, ingawa mara nyingi huwa nzima.

Kuhusu umri, skrubu haziwekwi kwa haraka katika fuvu la mtoto mdogo kwa kuwa mfupa wake bado ni mwembamba. Nchini Marekani, kwa mfano, ruhusa huanza miaka mitano, na madaktari wengi husubiri zaidi. Binti yako hahitaji kungoja, kwani mkanda mmoja unaweza kubeba mashine mbili, na mashine hizo hizo mara nyingi ndizo zitakazohamia kwenye skrubu baadaye. Mwombe mtaalamu wenu awaazime ya pili kwa majuma mawili au matatu kabla hamjalipa hata shilingi.

Assalaam aleikum, daktari. Nina miaka 46. Masikio yangu yote mawili yametoka usaha tangu utotoni, nimepasuliwa mara tatu, na kila nilipovaa shimesikio la kuziba tundu, yaani mashine ya kusikia ya kawaida, usaha ulirudi. Miaka mitatu iliyopita niliwekewa skrubu na mashine ya mfupa upande wa kulia, na alhamdulillahi masikio yamekauka. Shida ni barazani. Inanibidi niwahi kukaa mwisho wa baraza, mkono wa kushoto, ili wenzangu wote wawe kulia kwangu. Nikichelewa, walio kushoto siwasikii, nami hubaki kucheka wakicheka. Kipimo changu cha mfupa ni desibeli 25 kulia na 32 kushoto. Je, ya pili itanifaa, au ni kuongeza sauti tu? — Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mimi ni mpimaji wa usikivu na si daktari, lakini swali lako liko katika kazi yangu. Umefanya vyema kuandika namba, kwa sababu jibu limo ndani yake. Wanaopendekeza mashine mbili huangalia kwanza kama koklea mbili zinalingana, na kipimo kinachotumika sana ni kwamba tofauti kati ya pande mbili, kwa wastani wa vipimo vya mfupa, isizidi desibeli 10. Yako ni 7. Tofauti ikiwa kubwa zaidi ya hapo, ubongo huelemea upande wenye nguvu, na faida ya kulinganisha hupungua.

Hilo la kuwahi mwisho wa baraza nimelisikia kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mmoja amelisimulia kana kwamba ni tabia yake ya pekee. Mwingine huchagua kiti cha dirishani katika matatu, mwingine hutembea daima upande mmoja wa mkewe, mwingine ameacha kwenda harusini. Ni kazi ya siku nzima ya kuupanga ulimwengu uwe upande mmoja, nayo inachosha kuliko kutosikia kwenyewe. Ukiwa na maikrofoni pande zote mbili, upande mbaya haupo tena. Ndiyo sababu wengi waliozoea mbili, ukiwauliza kilichobadilika, hawakutajii sauti kuwa kubwa, hukwambia kwamba hawachoki jioni.

Sauti nayo itaongezeka kidogo, maana mitetemo miwili ikikutana katika koklea moja hujumlishana kwa desibeli chache. Kwa mtu mwenye koklea nzima kabisa hilo si jambo kubwa. Kwako wewe, ambaye koklea zenyewe zimepungua kwa desibeli 25 na 32, ni nafuu ya kweli, kwa sababu mashine haitalazimika kusukumwa hadi mwisho wa nguvu yake, mahali ambapo sauti huanza kukwaruza.

Kabla ya upasuaji wa pili, omba mashine ya majaribio kwenye mkanda upande wa kushoto, huku ya kulia ikibaki kwenye skrubu yake. Ivae barazani, msikitini wakati wa hotuba, na unapovuka barabara. Ila uyasome matokeo kwa uangalifu: mashine ya mkanda hutetemesha kupitia ngozi, na ngozi hula takribani desibeli 10 hadi 15, hasa za sauti nyembamba. Upande wa kushoto utakuwa dhaifu kuliko utakavyokuwa ukishawekewa skrubu, na huenda usiweze bado kutambua sauti imetoka wapi. Jiulize jambo moja tu: je, umewasikia waliokuwa kushoto? Kama umewasikia kupitia ngozi, utawasikia vizuri zaidi kupitia mfupa. Na kwa kuwa masikio yako yamekauka tangu uyaache wazi, naomba usishawishike kurudia shimesikio la kuziba tundu upande wa kushoto kwa sababu ya bei yake ndogo. Umekwisha kulipa mara tatu kwa visu.

Mtaalamu, niliugua matumbwitumbwi nikiwa darasa la nne, sikio la kushoto likafa kabisa. La kulia ni zima. Nimesoma kwamba mashine mbili za mfupa ni bora kuliko moja. Nianze kutafuta mbili? — Kijana, Dodoma

Hapana. Mashine mbili hufaa pale ambapo kuna koklea mbili za kuzipelekea sauti, nawe unayo moja. Mashine moja ikiwekwa upande wa kushoto huchukua sauti za upande huo na kuzivusha kwa mfupa hadi kwenye koklea nzima ya kulia, na kwa njia hiyo utamsikia aliyekaa kushoto kwako. Haitakurudishia uwezo wa kujua sauti imetoka wapi, kwa kuwa anayesikia ni yule yule mmoja. Ya pili upande wa kulia haina kazi yoyote, maana sikio hilo tayari linasikia kwa njia yake. Jaribu moja kwenye mkanda kwa majuma mawili. Wapo wanaoifurahia sana, na wapo wanaoirudisha bila majuto.

Nina miaka 29, mifupa midogo ya masikio yangu yote mawili imekaza na upasuaji wa kuirekebisha haukufaulu. Nimeshauriwa niwekewe skrubu pande zote mbili siku moja. Naogopa kwamba nitakuwa najiongezea hatari mara mbili. Isitoshe nasuka nywele kila mwezi, sitaki kunyolewa. — Msomaji wa kike, Nairobi

Hofu yako ina msingi, dada. Kila kishikizo kinachotokeza nje ya ngozi ni mlango ambao unapaswa kutunzwa, na milango miwili ni utunzaji mara mbili. Tatizo linalotokea zaidi si katika mfupa, ni katika ngozi: huwa nyekundu, ikatoa majimaji, na isiposhughulikiwa huota kinyama kukizunguka kishikizo. Mara chache skrubu yenyewe hulegea na kutoka, zaidi kwa watoto wanaoanguka na kugongwa. Hakuna upasuaji usio na hatari, na anayekwambia mbili ni sawa na moja kwa hatari hakutendei haki.

Kwa upande mwingine, upasuaji wenyewe ni mdogo. Kwa mtu mzima hufanywa mara nyingi kwa ganzi ya mahali pamoja, na kila upande huchukua muda usiotimia saa moja. Kuwekewa pande zote siku moja kunakuokoa na safari ya pili, majeraha ya mara ya pili na likizo ya pili; kuwekewa upande mmoja kwanza kunakupa nafasi ya kuona jinsi ngozi yako inavyopona. Mimi, kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa mashine ya mfupa hata moja, humshauri ajaribu mbili kwenye mkanda kwa mwezi mmoja kazini kwake, ndipo aamue, kwa kuwa jaribio hilo halina jeraha. Muulize daktari pia kuhusu aina ambazo hufunikwa na ngozi na kushikwa kwa sumaku: hazina mlango wa kuosha, lakini zina sumaku ndani, na sumaku huleta matatizo siku utakapohitaji kipimo cha MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kubwa. Na ukiwa na mbili, tatizo hilo la sumaku liko pande zote mbili za kichwa.

Nywele hutanyolewa kichwa kizima. Madaktari wengi siku hizi hukata mahali padogo tu penye kidonda, na wengine huzichana pembeni bila kukata. Baada ya kupona, mwonyeshe msusi kishikizo kabla hajaanza, na aache nafasi ya upana wa kidole kukizunguka pande zote, asivute mistari ya twende kilioni kuelekea hapo, maana ngozi inayovutwa kila siku haiponi. Mafuta ya nazi, jeli na dawa za nywele zisifike pale. Kila siku osha kwa maji, sabuni isiyo kali na brashi laini kama ya mtoto, kisha kausha. Ukiona wekundu unaodumu zaidi ya siku mbili, nenda hospitali mapema, kwa sababu katika siku za mwanzo dawa ya kupaka hutosha mara nyingi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Mwaka huu nimepokea mwanafunzi wa kike mwenye mashine mbili za mfupa, naye huvaa ushungi. Sijawahi kuona mashine hizi. Nimkalishe wapi, na je, ushungi unamzuia kusikia? Anaonekana kusikia vizuri, lakini siku nyingine hunitazama tu. — Mwalimu, Unguja

Mwalimu wangu, ahsante kwa kuuliza kabla ya kuamua kwamba mtoto ni mzembe.

Angekuwa na mashine moja, ningekwambia umkalishe pembeni ili upande wenye mashine uwaelekee wenzake wote. Kwa kuwa ana mbili, mweke katikati, safu ya kwanza au ya pili, mbali na feni na dirisha la barabarani. Hapo atakusikia wewe mbele, na mwenzake akijibu swali kutoka kulia au kushoto atamsikia na kugeuka kumtazama, jambo ambalo litamsaidia kumwona midomo. Umbali bado ni adui. Mashine mbili humsaidia kujua ni nani anasema, lakini hazimsogezei aliye mwisho wa darasa, kwa hiyo jibu la mwanafunzi wa nyuma ulirudie kwa sauti yako. Mvua ikipiga mabati, acha kabisa kusoma kwa sauti. Wape kazi ya kuandika hadi ipite, kwani maikrofoni zote mbili wakati huo zimejaa mvua.

Ushungi unaweza kuvaliwa bila tabu, mradi usiwe kitambaa kizito kinachobana mashine. Kitambaa kizito hufifisha zile sauti nyembamba nilizozitaja kwa mama wa Tanga, na kikisugua maikrofoni mtoto husikia mkwaruzo kila anapogeuza shingo. Kikiigusa mashine na kuisukuma, utasikia mluzi mwembamba, na huo si mchezo wa mtoto. Kitambaa chepesi kilicholegea pembeni hupitisha sauti vizuri. Mzungumze na mama yake, maana mshonaji anaweza kuacha nafasi pande mbili chini ya tabaka jepesi la juu, na stara ikabaki kamili.

Zile siku anazokutazama tu zinanifanya nishuku betri. Betri ya mwenye mashine moja ikiisha, mtoto hasikii na kila mtu anajua. Ya mwenye mbili ikiisha upande mmoja, anaendelea kusikia kwa upande wa pili, anaitikia jina lake, naye mwenyewe hana habari. Darasa zima linadhani yuko sawa, kumbe amerudi kuwa mtoto wa upande mmoja kwa juma zima. Faida ya kuwa na ya akiba, ambayo huku kwetu ni kubwa kwa sababu mashine ikiharibika inaweza kukaa kwa fundi kwa miezi, ndiyo hiyo hiyo inayoficha tatizo.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kengele, mpime kila upande peke yake. Mwambie aibandue ya kushoto na kukushikisha mkononi, ageuke akupe kisogo, nawe simama hatua mbili nyuma useme kwa sauti ya kawaida, moja moja na bila mpangilio: *m, u, i, a, sh, s*. Airudie kila moja. Kisha arudishe ya kushoto, abandue ya kulia, na uanze upya. Akikosa zote sita upande mmoja, badilisha betri. Akikosa *sh* na *s* peke yake, tazama kama tundu za maikrofoni zimeziba kwa vumbi au kama mashine haikukaa sawasawa kwenye kishikizo chake, na mwandikie mama yake siku hiyo hiyo umweleze ni upande upi.